Yah: Malalamiko kuhusu kompyuta nane zisizofungua Windows baada ya kubadilishwa prosesa

Kitengo cha TEHAMA,
Skuli binafsi, Chake Chake, Pemba.

Kwa Meneja wa Huduma,
Karakana ya Kompyuta, Mjini, Unguja.

Assalaam alaykum,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Tulileta kwenu kompyuta nane zenye mazabodi za B450 ili mtoe prosesa za Ryzen 3 2200G na kuweka Ryzen 5 5600G. Sababu mnaijua: Microsoft ilisitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na 2200G haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Badala ya kompyuta tumepokea ankara ya diski nane mpya. Kadi za kazi zote zina maneno yaleyale: "Diski mbovu, ibadilishwe, ipigwe Windows upya." Mbili mmeshazipiga.

Ankara hii hatuilipi. Diski nane haziwezi kufa kwa pamoja siku prosesa inapobadilishwa, na picha za skrini mlizotutumia kwa WhatsApp zinaonyesha matatizo matatu tofauti, hakuna hata moja la diski.

Kompyuta tano zilisimama kwenye skrini ya buluu ya BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski kwa siri, inayoomba ufunguo wa tarakimu 48. Prosesa za aina hii zinatumia fTPM, yaani hifadhi ya siri inayoendeshwa na prosesa yenyewe, na ndimo BitLocker inamoweka kinachofungulia diski. Prosesa ikibadilishwa, mazabodi hutoa ujumbe kabla ya Windows kuanza: Y kufuta kumbukumbu za fTPM, N kuziacha kama zilivyo. Ujumbe huohuo unaonya kwamba mwenye BitLocker akibonyeza Y bila ya ufunguo wa akiba, kompyuta haitofunguka. Fundi wenu alibonyeza Y kwenye zote tano. Angebonyeza N, ingewezekana kurudisha 2200G, kuingia Windows na kuisimamisha BitLocker kwa utaratibu.

Hata hivyo data ilikuwa haijapotea, kwa sababu funguo za tarakimu 48 tunazo ofisini, zimechapishwa na kufungiwa kabatini. Skrini ile inaonyesha kitambulisho cha ufunguo. Herufi na tarakimu nane za mwanzo zinatosha sisi kujua karatasi ipi ni ya kompyuta ipi. Simu moja tu ingemaliza kazi. Badala yake mbili kati ya hizo tano zimefutwa, na diski iliyokuwa chini ya BitLocker ikishapigwa Windows mpya juu yake, ufunguo kwa kawaida hausaidii tena. Moja ilikuwa na rejista ya ada za wanafunzi.

Kazi hii ilitakiwa ianze kabla ya kugusa bisibisi. Unafungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, unaandika manage-bde -protectors -get C: na kunakili ufunguo, kisha manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0. Sifuri hiyo ina maana BitLocker ikae imesimama mpaka uiwashe mwenyewe, hata kompyuta ikizimwa mara ngapi. Baada ya hapo ndipo unapandisha toleo la bayosi, yaani programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta, prosesa ya zamani ikiwa bado imo, halafu unabadilisha prosesa. Kupandisha bayosi kwanza mlifanya, na hapo hatuna neno. Bila ya bayosi mpya 5600G isingetoa hata picha.

Lakini bayosi mpya inarudisha mipangilio yote kwenye ya kiwandani, na hilo ndilo lililozikwamisha tatu zilizobaki. Mbili zinaandika kwamba hakuna diski ya kuanzia. Windows zake ziliwekwa kwa mtindo wa zamani, diski ni MBR, yaani zimegawiwa kwa mpangilio wa zamani, na bayosi mpya imezima CSM, sehemu inayoruhusu Windows za mtindo huo kuanza. Washeni CSM, zitafunguka. Kwa kuwa tunakwenda Windows 11 haitoshi kuishia hapo: mkishaingia, andikeni mbr2gpt /validate /allowFullOS, na ikikubali, mbr2gpt /convert /allowFullOS, kisha mzime CSM tena. Chombo hiki hugeuza diski ya MBR kuwa GPT, mpangilio mpya, bila ya kufuta mafaili, ila kinakataa diski yenye sehemu kuu zaidi ya tatu au yenye sehemu zilizogawiwa ndani ya nyengine. Kikikataa, acheni na mtupigie.

Ya nane ni ya mhasibu, na ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Picha inaonyesha INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Ina diski mbili zinazonakiliana kwa RAID 1, na bayosi imerudisha SATA, njia inayounganisha diski, kwenye AHCI, hali ya kuendesha kila diski peke yake, kwa hiyo Windows inaanza bila ya kuiona diski yake. Ingieni kwenye bayosi, rudisheni SATA kwenye RAID, hifadhini, washeni. Msichomoe diski hata moja, msiiwashe tena ikiwa katika AHCI, na fundi asije akafuata ushauri wa kupitia hali salama (Safe Mode) ya Windows ili kuhamia AHCI. Huo unafaa kwa kompyuta ya diski moja, hapa utavunja nakala. Picha za kila ukurasa wa bayosi, zikipigwa kwa simu kabla ya kuipandisha, zingeokoa haya yote.

Liko pia suala la prosesa za zamani. Zimetufikia kwa boti zimefungwa kwenye gazeti, na moja ina pini zilizolala upande mmoja. Kwenye soketi ya AM4, ambayo ndiyo ya mazabodi hizi, pini ziko kwenye prosesa. Grisi ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni ikikauka, ukivuta feni moja kwa moja inang'oka na prosesa yake hata kama kifungio kimefungwa. Kompyuta huachwa ikawaka mpaka ipate joto, huzimwa, kisha feni huzungushwa kushoto na kulia mpaka iachie. Prosesa hiyo ilikuwa na mnunuzi, sasa haina.

Tunachotaka ni hiki. Ankara ya diski ifutwe, pamoja na malipo ya kupiga Windows kwenye zile mbili. Sita ambazo hazijaguswa zifunguliwe kwa njia tulizoeleza, na mtu wenu atupigie akiwa mbele ya skrini ili tumsomee funguo. Zile mbili msiziandikie chochote zaidi. Zirudisheni na diski zake zilezile. Gharama ya kuandika upya rejista ya ada, pamoja na bei ya 2200G iliyopinda pini, tutawaletea kwa maandishi na tunatarajia mtailipa.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku saba za kazi. Mpaka hapo, salio la kazi ya kubadilisha prosesa tumelizuia.

Ahsanteni,

Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA
Nakala: Mhasibu wa Skuli