Kichina cha kwenye grupu: mwalimu lazima amsikie mwanafunzi

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee hii biashara ya kufundisha Kichina onlaini maana imeshika kasi na hela za watu zinaliwa. Mimi nipo kwenye duka la jumla hapa Kariakoo, mzigo wetu karibu wote unatoka Guangzhou na Yiwu, kwa hiyo najua kwanini vijana wanakitafuta Kichina kwa nguvu namna hii, ukikijua unapata kazi na hupigwi bei kizembe.

Mdogo wangu wa kike alilipia grupu moja la WhatsApp lililoahidi ataongea ndani ya mwezi. Alichopewa ni PDF na voisi za kurekodi, watu wote wanasikiliza zilezile halafu kila mtu anajirudishia peke yake huko chumbani kwake. Hakuna siku mwalimu alimsikiliza yeye anatamkaje. Sasa jamani Kichina unakifundishaje bila kumsikia mwanafunzi?

Kichina kina toni 4, yaani namna sauti inavyopanda au kushuka kwenye silabi, ukiacha ile silabi nyepesi isiyo na toni, na toni ikibadilika maana imebadilika. Kununua ni mai, sauti inashuka chini halafu inapanda. Kuuza nako ni mai, ila sauti inaporomoka moja kwa moja kwa nguvu. Kwa mtu wa biashara hapo si pa kubahatisha! Na sisi Waswahili tuna tabia yetu, tukiuliza swali tunapandisha sauti mwishoni, "umenunua?", ndo hivyo tu swali limeeleweka. Ukiipeleka tabia hiyo kwenye Kichina unaivuruga toni ya neno la mwisho, wenzetu wanaongeza kaneno ka "ma" mwisho wa sentensi na kila neno linabaki na toni yake. Kosa kama hilo wewe mwenyewe hulisikii hata ujirekodi mara ngapi, linasikiwa na mwalimu, tena akukatishe hapohapo kabla ulimi haujazoea.

Lingine ni herufi za Kichina. Haya magrupu mengi yanafundisha pinyin tu, yaani Kichina kwa herufi zetu hizi za abc, kwasababu ni rahisi kuitype na mwanafunzi anajiona anaenda kasi. Kwenye HSK, ule mtihani wa China wa kupima Kichina cha wageni, kwa mfumo wa ngazi 6 tuliouzoea, karatasi ya ngazi ya 1 na ya 2 inawekewa pinyin juu ya herufi za Kichina, ukifika ya 3 pinyin imeondolewa na kuandika kumeingia. Kijana anayetaka skolashipu vyuo vingi vya China vinamdai ngazi ya 4, maneno 1,200, atafika vipi? Na herufi zenyewe zinasaidia, hiyo kuuza 卖 ni ileile kununua 买 ila imewekewa kimsalaba juu, macho yanatofautisha pale masikio yanapochanganya.

Tena wazazi wajue, cheti cha HSK peke yake hakimaanishi mtoto anaongea, kinapima kusikiliza, kusoma na kuandika, kuongea kuna mtihani wake mwingine unaitwa HSKK. Kwa hiyo mwalimu akikuonyesha cheti muulize na huo.

Sisemi onlaini ni mbaya, hapana. Taasisi za Confucius, vile vituo vya kufundishia Kichina, ziko vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma, mtu wa Kigoma au Tunduma atafanyaje kama sio simu? Ila liwe darasa la mubashara, watu wachache kiasi kwamba kila mmoja anaongea na kusahihishwa, na uvae earphone maana spika ya simu inameza sauti. Kama mwalimu yuko China mkumbuke kuna tofauti ya masaa 5, saa 2 usiku ya huku kule ni saa 7 usiku mtu amelala, afadhali saa 12 asubuhi kabla hujafungua duka, kwake ni saa 5 asubuhi. Na WhatsApp kule imefungwa bila VPN, ile app ya kupita kizuizi, kwa hiyo uwe na WeChat, app ya kuchati wanayotumia Wachina. Mtanzania aliyesoma China naye anafaa sana, anajua ulimi wetu unakwama wapi.

Ombi langu ni kwa hizo taasisi za Dar na Dodoma. Zitoe orodha ya wazi ya watu waliofaulu HSK ngazi ya 4 kwenda juu pamoja na HSKK na ambao wako tayari kufundisha onlaini, na ikiwezekana zifungue madarasa yao ya asubuhi kwa watu wa mikoani kwa ada ya kueleweka. Mtu anayetaka kulipa aangalie jina kwanza ndo atume hela. Na gazeti lako Mhariri likipata orodha hiyo naomba liichapishe.

Msomaji wenu,
Kariakoo, Dar es Salaam