Unapokarabati Nyumba, Iandalie Njia ya Sola Kabla ya Kupiga Plasta

Katika kazi yetu ya umeme wa majumbani hapa Dar es Salaam, wateja wengi hutuita tuwafungie sola miezi michache baada ya ukarabati kukamilika, wakati kuta zimeshapakwa rangi na dari ya jipsamu imeshafungwa. Hapo hutulazimu kumweleza mwenye nyumba, nasi tukisikitika naye, kwamba ama nyaya zipite juu ya ukuta ndani ya vijimfereji vya plastiki vitakavyoonekana sebuleni, ama tuchimbe upya ukuta ambao ametoka kuulipia. Yote mawili yangeepukika kwa mabomba machache matupu, ambayo yangewekwa siku ile fundi mwashi alipokuwa na tofali wazi mbele yake. Makala haya tumemwandikia mtu ambaye hana fedha ya paneli mwaka huu, lakini anaifumua nyumba sasa na anajua kwamba siku moja atazihitaji.

Tuanze na paa, kwa sababu kosa la paa ndilo gumu zaidi kulirekebisha. Paneli za kawaida sokoni leo, zile za wati 550 hivi, zina urefu wa zaidi ya mita 2 na upana wa zaidi ya mita 1, na kila moja ina uzito wa kilo 27 au 28. Paneli 8, ambazo kwa nyumba ya familia huweza kutoa yuniti 16 hivi kwa siku ya jua la kawaida, zinahitaji takriban mita za mraba 21 za paa lisilo na kivuli, na uzito wake pamoja na reli za kushikilia unazidi kilo 220. Kenchi, yaani fremu zinazobeba paa, zikitengenezwa vizuri huubeba uzito huo bila shida. Tunachokihofia zaidi ni upepo, ambao huingia chini ya paneli na kuzinyanyua, ukivuta skrubu, papi (mbao zinazopigiliwa bati) na kenchi kwa pamoja. Kwa hiyo, bati likishavuliwa, mwombe fundi paa akague kila papi, abadilishe iliyoliwa na mchwa, na aongeze papi katika upande utakaobeba paneli. Kisha apime nafasi zake na kuziandika, ili atakayekuja baadaye asitoboe bati kwa kubahatisha.

Suala la bati lenyewe pia linastahili kufikiriwa mapema. Watengenezaji wengi hudhamini uwezo wa paneli wa kutoa umeme kwa miaka 25, na si busara kuzifunga juu ya bati jembamba la geji 30 ambalo limeshaanza kutu, kwa maana siku ya kulibadilisha itabidi mfumo wote ushushwe. Kwa nyumba za Kigamboni, Mbweni, Bagamoyo na kwingineko kunakofikiwa na hewa ya chumvi, tunasisitiza reli za alumini na skrubu za chuma kisichoshika kutu, hata kama bei yake iko juu.

Kuhusu upande wa kuelekeza paneli, maelekezo mengi yanayosambaa mtandaoni yameandikwa kwa watu wa Ulaya na Marekani, nayo husema paneli zielekee kusini. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo upande wetu bora ni kaskazini. Hata hivyo, kwa paa lenye mteremko mdogo, mashariki na magharibi hupungukiwa kidogo tu, na hakuna haja ya kubadili umbo la nyumba kwa ajili hiyo. Kivuli ndicho kinachoumiza zaidi. Seli za paneli zimeunganishwa kwa mfuatano, kwa hiyo kivuli cha tangi la maji kikiangukia kona moja tu, hasara huwa kubwa kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe. Ikiwa ukarabati wako unahusisha kuhamisha mnara wa tangi, au unajenga paa lililofichwa nyuma ya ukuta kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi za siku hizi, tafadhali amua kwanza paneli zitakaa wapi.

Sasa tuje kwenye mabomba, na kama bajeti yako inaruhusu jambo moja tu katika haya yote, basi liwe hili. Tunashauri mabomba mawili ya milimita 32 yatoke juu ya dari, karibu na sehemu ya paa iliyochaguliwa, yashuke ndani ya ukuta hadi mahali pa inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani), na mengine mawili yaunganishe mahali hapo na meni swichi. Kona zake ziwe za kupinda taratibu, ndani iachwe kamba ya nailoni ya kuvutia nyaya, na midomo ifunikwe ili saruji isiingie. Nyaya za paneli zisichanganywe na nyaya za umeme wa nyumba katika bomba moja. Paneli 8 zikiunganishwa kwa mfuatano hufikia takriban volti 400 za umeme wa mkondo mnyoofu (DC, usiobadili mwelekeo), na cheche ya umeme wa namna hiyo haizimiki kwa urahisi, tofauti na umeme wa TANESCO ambao mkondo wake hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde. Kwa usalama, njia ya waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, nayo iandaliwe sambamba na mabomba hayo.

Inveta na betri zitengewe ukuta wa tofali wenye nafasi ya mita moja na nusu kwa upana, karibu na meni swichi, kivulini na penye hewa. Betri ya lithiamu ya kilowati-saa 5 huweza kufika kilo 50, mzigo ambao ukuta wa jipsamu hauufai. Tumewahi kuombwa kuificha betri juu ya dari, chini ya bati, na tulikataa, kwa sababu joto la huko hufupisha umri wake na moto ukitokea hakuna anayeuona mapema.

Jambo la mwisho linahusu mgawanyo wa saketi. Fundi anapobadilisha nyaya, aweke boksi la pili la breka kwa ajili ya taa, friji, soketi za sebule na pampu ya maji, na aache hita ya maji, kiyoyozi na jiko la umeme kwenye boksi kuu. Umeme ukikatika, inveta italihudumia boksi la pili peke yake, nawe utaweza kununua betri ndogo kuliko ambayo ungeilazimikia vinginevyo. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na kabla ya plasta kupigwa, piga picha za kila ukuta wenye bomba huku futi ya kupimia ikionekana, uzihifadhi pamoja na mchoro wa nyumba. Sisi hufika kukagua mara mbili, bati linapovuliwa na mitaro ya nyaya inapomaliza kuchimbwa, kwa hiyo tupe taarifa kabla ya siku hizo mbili.