Dada, ile karatasi ninayo bado

Dada yangu, shikamoo.

Ningekupigia, ila simu zangu hupokei tangu tumzike mama. Hii najua utaisoma, maana wewe husoma hata nyuma ya risiti.

Siku ile sebule imejaa watu, mwanao akaja na karatasi. Kamchora bibi yake, mikono mirefu mpaka imeishia ukingoni. Akasimama mbele yako anasubiri. Hukumtazama. "Mwanaume halii, kacheze nje." Wala hakuwa analia! Akaikunja mara mbili, mara nne, ikawa kama kiberiti, akaisokomeza kwenye soksi.

Nilimfuata kwenye ngazi. Nikamuuliza mbona mikono mirefu hivyo. Akasema, "Karatasi ndiyo fupi, mjomba," akaitoa kwenye soksi akanipa.

Nikarudi ndani nikakusema mbele za watu. Hapo nilikosa. Lakini na wewe, "Hujazaa, utanifundisha nini?" Wewe uliyekuwa ukinishika mkono umeme ukikatika, ukihesabu mpaka urudi! Nilikuwa na nani mwingine?

Kuna utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2019. Watu wazima zaidi ya 6,000 wa Wisconsin waliulizwa mambo 7 ya utotoni: kama waliweza kuzungumza na familia yaliyo moyoni, kama nyumbani walijihisi salama, kama marafiki waliwashika mkono, na kadhalika. Waliojibu ndiyo kwa 6 au yote 7, uwezekano wao wa kuwa na sonona au afya mbaya ya akili ulikuwa chini kwa asilimia 72 kuliko waliopata 2 au pungufu. Na tofauti haikufutika hata yalipohesabiwa mabaya waliyopitia. Swali mojawapo: je, walikuwepo watu wazima wawili, si wazazi wako, waliokujali kwelikweli? Hawakuuliza kama watu hao wamezaa, dada.

Mwanao alikuwa na mama, na mimi. Mama katangulia. Nami sijakanyaga kwako miezi minane kwa sababu ulinifukuza. Haya, hukunifukuza, ulisema "mlango ule pale". Mtu mwenye akili zake angeelewaje? Na nisingesema siku ile, nani angesema? Wote walikuwa wanatazama sakafu.

Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa hapo. Kama hutaki kunifungulia, mwache afungue yeye. Kitasa anakifikia siku hizi?