Wapagazi wa Mahiwa wajengewe ukuta wa majina

Mhariri,

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, sisi wa kusini huelekea Naliendele, walikolala wanajeshi wetu waliokufa katika ukombozi wa Msumbiji. Ni haki yao. Lakini barabara ya Lindi kwenda Masasi inapita Nyangao, jirani na Mahiwa, ambako Waingereza na Wajerumani walipigana vikali kuanzia Oktoba 15 hadi 18, 1917. Wapagazi waliobebeshwa risasi na posho za majeshi hayo, wengi wakafa kwa kuhara damu, malaria na njaa, karibu wote hawana kaburi linalojulikana.

Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilianza mwaka huohuo wa 1917 na kanuni njema: jenerali na kuruta wapate jiwe la aina moja, kimo milimita 813, upana 381. Kwa Mwafrika kanuni hiyo haikufuatwa. Ripoti ya tume yenyewe ya Aprili 2021 inakiri kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wa Afrika Mashariki na Misri, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ya 1927, inawataja wapagazi kwa jumla tu.

Tunaomba ujengwe ukuta wa majina Mahiwa. Kazi ianze na daftari, si saruji: watendaji wa vijiji waandike jina la marehemu, la baba yake, ukoo na kijiji. Wajukuu wenyewe sasa ni wazee, kwa hiyo haraka inahitajika.

Kisha msingi uchimbwe hadi udongo mgumu, maana udongo mweusi hutanuka masika, hupasuka kiangazi, na mawe hulala. Mchanga wa ufukweni usitumike. Chumvi yake hushika nondo, kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani, na chokaa inayopakwa kila mwaka huficha ufa tu. Nondo zifunikwe kwa zege la milimita 50. Mabamba ya shaba yasiwekwe, yataishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu; granaiti inafaa zaidi, herufi zichongwe ndani, kwani rangi peke yake hufutika. Majina yapangwe kwa vijiji, na kila kijiji kiachiwe nafasi tupu, kwa sababu mengine yatapatikana ukuta ukiwa umeshasimama.

Wasomaji wenu,
Lindi