Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi: Tunaomba shamba pori la mkonge lirudi kijijini

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi,

YAH: OMBI LA SHAMBA LA MKONGE LILILOTELEKEZWA KUKABIDHIWA WANAKIJIJI

Mheshimiwa Waziri, pole na majukumu. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kutoka mkoani Tanga, katika kijiji kimoja kati ya vile vilivyobanwa na mashamba ya mkonge. Ardhi ya kijiji chetu inaishia kwenye njia ya ng'ombe, hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Ng'ambo ya njia ni shamba. Mara ya mwisho nilipoona trekta likitoka humo na mzigo wa majani ya mkonge nilikuwa darasa la nne. Leo mwanangu wa kwanza yuko kidato cha pili.

Korona, yaani kiwanda cha kusindika mkonge, imebaki kuta. Bati ziliondoka kwanza, zikafuata reli za vitoroli, mwisho wakaja watu wa vyuma chakavu na mitungi ya gesi wakakata hadi mashine. Shimo la maji machafu halikufukiwa. Masika yakishika linajaa na watoto wanalifanya bwawa la kuogelea. Mwaka juzi tulimtoa mtoto humo akiwa amelegea kabisa, akatapika maji, akalia. Tunamshukuru Mungu kwa kilio kile.

Zipo pia nyumba za kambi, na nane kati ya hizo bado zina watu. Mzee mmoja aliletwa kutoka Kigoma na SILABU, ile ofisi iliyokusanya manamba, yaani vibarua wa mkataba wa mashambani, enzi za mkoloni, akiwa kijana hata ndevu hazijaota. Kadi yake ya kazi ameifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho cha taifa. Mkewe na watoto wake wawili wamezikwa nyuma ya kambi. Ukimuuliza kwao ni wapi, ananyoosha mkono kuelekea makaburini. Kwenye karatasi, mzee huyu ni mvamizi.

Mheshimiwa, mkonge ulianza huku kwetu mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche ambayo 62 tu ndiyo iliyopona, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Reli kutoka Tanga ilifika Muheza mwaka 1896, na kila ilipopita mashamba yalifuata na babu zetu wakasogezwa. Yaliyofuata unayajua: mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000, mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, kamba za plastiki zikaangusha bei, na baadaye yakabinafsishwa. Wapo walionunua wakalima. Wetu alinunua, akaweka mlinzi, akaondoka.

Kwa miaka hii yote tumelima humo. Mlinzi hutoza kwa eka kila msimu, risiti hatoi, na sharti lake ni moja: usipande cha kudumu. Mahindi sawa, kunde sawa, muhogo ukimbembeleza. Mti hapana, tofali hapana. Jirani yangu, mama wa watoto watano, ana miche 40 ya michungwa aliyoibebesha, yaani kuiunganisha, kwa mkono wake juu ya mashina ya milimau. Iko uani kwake kwenye makopo ya rangi na ndoo zilizopasuka. Nimeiona juzi: mizizi imetoboa makopo na kushika ardhi ya uani, anaikata kila mwezi ili asiipoteze. Mkoa huu unaishi kwa machungwa, na mama huyu anailea miche kwenye makopo kwa sababu ekari mbili anazolima mwaka wa kumi na tatu huu si zake.

Mwaka wa kumi na tatu nimeutaja makusudi. Vijijini watu wanaambiana kuwa ukikalia ardhi ya mtu miaka 12 inakuwa yako. Wengine wameshachangishwa hela na watu wanaojiita wajuzi wa sheria kwa ahadi hiyo. Ni kweli Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inampa mwenye ardhi miaka 12 ya kufungua shauri la kuidai. Lakini aliyeingia kwa ruhusa hahesabiwi kama aliyeikalia kwa kujitwalia, hata akae miaka hamsini. Na sisi kila msimu tunamlipa mlinzi. Yaani kadiri tulivyokuwa waungwana, ndivyo tulivyojiharibia haki. Nimewaambia wenzangu ukweli huu mkutanoni, na siku ile sikupendwa.

Kwa hiyo mlango tulio nao ni wako, Mheshimiwa. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inataja wazi kuwa kutelekeza ardhi kwa miaka isiyopungua miwili ni sababu tosha ya Rais kubatilisha milki. Mwenye shamba hupewa ilani ya siku 90, akasikilizwa, kisha Kamishna wa Ardhi hupeleka pendekezo kwa Rais. Hatuombi mtu anyang'anywe usiku. Apewe ilani, aje, atuonyeshe hata mstari mmoja wa mkonge aliopanda. Tutampokea vizuri na chai atakunywa.

Linalotukosesha usingizi ni kinachofuata hati ikifutwa. Ardhi hairudi kijijini. Inarudi kwa Rais na kuwa ardhi ya jumla, yaani isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, na hapo tumeona kwa majirani zetu: wapimaji wanakuja na vifaa vyao, wananchi wanatangaziwa kipande chenye mawe, na bonde lenye maji linapata mwekezaji mpya ambaye naye anaweka mlinzi. Wanaolima wanajulishwa ramani ikiwa imeshachorwa.

Tunachoomba ni hiki. Kabla ya ramani kuchorwa, orodha ya wanaolima na wanaoishi humo iandikwe hadharani kwenye mkutano wa kijiji, jina la mke likae sambamba na la mume. Kwa mama wa michungwa, mume yuko Dar es Salaam mwaka wa sita. Orodha ikiandikwa kwa jina la mkuu wa kaya, ekari zile zitakwenda kwa mtu ambaye hajashika jembe. Kisha eneo linalolimwa lihamishwe kuwa ardhi ya kijiji, jambo ambalo Sheria hiyo hiyo inampa Rais mamlaka ya kulifanya, ili tupimiwe na kupewa hati za hakimiliki za kimila. Nyumba nane za kambi wapewe waliomo. Makaburi yawekewe mipaka. Shimo la korona lifukiwe, na hili la shimo halihitaji kusubiri hati ya mtu yeyote.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni hoja nzito: Serikali imeuweka mkonge kwenye mazao ya kimkakati, na inataka mashamba makubwa yafufuke. Sisi hatuuchukii mkonge. Baba yangu alinisomesha kwa kukata mkonge, viganja vyake vina makovu ya miiba hadi leo. Lakini wakulima wadogo wa Korogwe wanalima mkonge kupitia vyama vyao vya ushirika, na singa zao, yaani nyuzi za mkonge, zinauzwa kama za mwingine yeyote. Tukiwa na ekari zetu zenye hati, tutaupanda, na katikati ya mistari tutaweka maharage wakati mkonge ungali mdogo. Unachukua takribani miaka mitatu kufikia kukatwa mara ya kwanza. Hakuna mtu anayeweza kusubiri miaka mitatu kwenye ardhi anayoweza kufukuzwa kesho asubuhi.

Mheshimiwa Waziri, daftari la awali tumeshaliandaa wenyewe, kaya kwa kaya, na liko kwa mtendaji wa kijiji. Tunaomba utume maofisa wako, au uje mwenyewe ukipata nafasi. Njia ya kutokea relini inapitika na gari dogo mpaka mwezi wa tatu, masika yakianza daraja la magogo hujaa maji. Wakifika waulize nyumba za kambi, mtoto yeyote atawaonyesha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkazi na mkulima, kijiji kinachopakana na shamba
Mkoa wa Tanga