Anza na ndoo ya maji

Dar es Salaam

Shoga yangu mpenzi,

Salaam sana. Mimi na watoto hatujambo, mama naye anaendelea vizuri na dawa zake. Barua yako niliipata Jumanne, nimeshaisoma mara tatu. Hongera kwa kupata nafasi katika hiyo redio ya jamii. Nimefurahi mno, maana tangu shule wewe ulikuwa huachi jambo mpaka ulijue undani wake.

Umeniomba niisome habari yako ya kwanza nikuambie ukweli. Umeanza hivi: "Wananchi wametakiwa kuzingatia matumizi sahihi ya maji." Shoga, hapo hakuna habari. Wananchi kila siku wanatakiwa: wametakiwa kupanda miti, wametakiwa kudumisha amani, wametakiwa kujitokeza kwa wingi. Mgeni rasmi kahutubia, nawe umemnakilia hotuba yake. Habari yenyewe umeizika aya ya sita, pale mama mmoja anapokuambia bomba la mtaani limekauka wiki tatu na ndoo inauzwa shilingi 500. Hiyo ndiyo ipande juu: "Wakazi wa mtaa huu wananunua ndoo ya maji kwa shilingi 500 baada ya bomba lao kukauka kwa wiki tatu." Msikilizaji aliyeko jikoni ameshajua nani, nini, wapi na tangu lini. Kwa nini na vipi zitafuata. Mgeni rasmi utampa nafasi yake, ila baada ya kumuuliza habari za bomba.

Na huyo mama usimtegemee peke yake. Nenda bombani, fungua koki kwa mkono wako. Muulize muuza maji anateka wapi na zamani aliuza bei gani. Kisha wapigie wahusika wa maji kabla hujaenda hewani. Wakikataa kusema, sema wamekataa, na saa uliyowapigia iandike kwenye daftari. Huko ndiko kubalansi stori. Halafu isome yote kwa sauti. Msikilizaji hawezi kurudi nyuma kama msomaji wa gazeti, kwa hiyo sentensi ikikumaliza pumzi, ikate.

Nasisitiza simu kwa sababu ya yaliyonipata. Mwaka wangu wa pili kazini niliandika kwamba mfanyabiashara fulani amekamatwa na mali ya wizi. Jina nilipewa na mtu niliyemwamini, majina mawili tu, na gazeti lilikuwa karibu kwenda mitamboni. Nikaona yanatosha. Kumbe aliyekamatwa ni mtu mwingine wa majina hayohayo. Asubuhi yule mwenye duka alikuja chumba cha habari na gazeti amelikunja mkononi. Hakufoka. Alilifungua mezani kwangu, akaweka kidole juu ya jina lake, akaniuliza, "Dada, ulinitafuta?" Sikuwa nimemtafuta. Tulichapa masahihisho, mistari minne ukurasa wa ndani, wakati kosa lilikuwa ukurasa wa kwanza. Mpaka leo naona hatukumtendea haki. Tangu siku ile majina ya mtu nayaandika yote matatu, pamoja na kazi yake na mtaa wake, na mwenyewe namtafuta.

Umeandika kwamba uko mbali na mambo. Hapana. Uandishi wa habari kwa Kiswahili una mizizi hukohuko kwenu Tanga. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walianza kuchapa Msimulizi Zanzibar mwaka 1888, na miaka ya 1890 wakatoa Habari za Mwezi hapo Magila, Muheza. Baadaye Wajerumani wakatoa Kiongozi katika shule yao ya serikali Tanga mjini. Lilikuwa gazeti la mtawala, lakini walimu na makarani wa Kiafrika waliliandikia habari za miji yao. Mambo Leo la serikali ya Waingereza lilianza 1923. Ilibidi tusubiri mpaka 1937 ndipo Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa na duka hapa Dar es Salaam, akatoa Kwetu, gazeti la Mwafrika mwenyewe. Na mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa makala iliyowagusa maofisa wa kikoloni katika Sauti ya TANU, jarida la chama chake, akalipa faini ya shilingi 3,000. Miaka hiyohiyo Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh wa gazeti lililoitwa Mwafrika walifungwa kwa uchochezi. Huwa nawakumbuka ninaposikia mtu anasema kazi yetu ni kushika maikrofoni tu.

Ila maikrofoni nayo ina uzito wake. Mwaka 1994 kule Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari, redio ya RTLM ilikuwa ikitaja watu kwa majina na mahali walipojificha, na wauaji wanasikiliza. Desemba 2003, hapo Arusha, mahakama ya kimataifa iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa redio hiyo, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Kabla hujasoma jina la mtu au kabila lake hewani, nakuomba simama kidogo ufikirie ni nani anakusikiliza.

Kuna na hili la bahasha. Utaitwa kwenye warsha, mwisho utapewa mshiko, pesa ndani ya bahasha. Najua wengi wenu hamlipwi hata nauli, kwa hiyo simlaumu mtu. Lakini aliyekupa bahasha asubuhi, jioni utamuulizaje bomba limekauka kwa nini? Zungumza na meneja wako nauli itoke redioni kabla hujatoka mlangoni.

Sasa rudi bombani alfajiri, saa kumi na moja, ndoo zikiwa kwenye foleni. Rekodi sauti ya yule mama, ya muuza maji, na hata mlio wa koki kavu ikifunguliwa. Nitumie habari mpya kabla ya Ijumaa, nitaipitia usiku watoto wakilala. Nisalimie mama na wote wa Chumbageni.

Ni mimi,
Shoga yako