Barua kwa mwanangu: Siku nilipoitafuta Fangor kwenye ramani

Bethesda, Agosti 2025

Mama yangu,

Nakuita hivyo kwa sababu umebeba jina la mama yangu, ingawa siku hizi nikikuita mbele ya wenzako unanikata jicho.

Juzi jioni, ukijaribu sare ya sekondari, uliniuliza huku umeinamia soksi: "Baba, kwa nini mlituleta huku?" Nikasema ni kazi ya mama yako, nikaendelea kukaanga vitunguu. Hilo lilikuwa jibu la kukimbia. Nakujibu leo, tena kwa Kiswahili makusudi. Ukikwama neno, njoo jikoni uulize.

Kazi ya mama yako ni kweli. Mwaka 2022 alipata unesi Bangor, mji wa kaskazini mwa Welisi (Wales), na nyumba tuliyoimudu ikapatikana hapa Bethesda, kama kilomita nane kupanda juu. Jina la mji lilinifurahisha. Nikamwambia, wewe nesi, tunakwenda kwenye lile birika la wagonjwa la Injili ya Yohana. Sikujua kwamba mji umechukua jina la kanisa lake, na kwamba milima hii imejaa majina ya namna hiyo, Carmel, Nebo, Saron. Asubuhi ya kwanza nilifungua pazia nikaona ukungu umekaa mabegani mwa mlima, mvua nyembamba, kondoo wamelowa, nikasema: kumbe tumerudi Lushoto.

Kuhusu lugha nisikudanganye. Nilijua kuna Kiwelisi kama ninavyojua kuna Kilatini. Nilidhani ni cha vibao vya barabarani na nyimbo za kwaya. Na ukitazama Welisi nzima hukosi sababu ya kudhani hivyo: katika sensa ya 2021 waliosema wanakizungumza hawakufika 18 katika kila watu 100. Lakini hapa Gwynedd, jimbo letu, walikuwa 64 katika kila 100, na watoto wa shule za msingi wanafundishwa kwa lugha hiyo. Hilo nililijua barua ya shule ilipokuja ina nyuso mbili, moja siielewi hata nukta.

Nikapiga simu kuulizia shule ya Kiingereza. Kumbuka, Tanga tulikuwa tumejinyima miaka mitatu kukulipia ada ili usome kwa Kiingereza, na ulikuwa na miaka minane. Dada wa kwenye simu akanieleza taratibu kwamba utaanza kwenye kituo cha lugha, muhula mmoja, na wageni wenzako, halafu utaingia darasani na wengine. Vituo hivyo vipo huku tangu miaka ya 1980, kwa ajili ya watoto wanaokuja wakubwa kama wewe. Mdogo wako, wa miaka mitatu, yeye aende chekechea ya Kiwelisi moja kwa moja, mambo yatajipa. Nilishukuru, nikakata simu, nikakaa kwenye ngazi.

Shangazi yako alipopata habari alipiga usiku uleule. "Yaani mmepanda ndege mpaka Uingereza, mtoto akasome kilugha?"

Kilugha. Neno hilo lilinikaa. Sikumjibu, kwa sababu nami nilikuwa nawaza hivyohivyo, ila yeye ana mdomo.

Miezi ile ya kwanza nilichukia kuingia dukani. Nasukuma mlango, nasikia vicheko na Kiwelisi, naingiza mguu mmoja tu, Kiwelisi kinakatika. Wote wanahamia Kiingereza na kunisalimu. Huwa nasikia wageni wanalalamika kwamba Wawelisi wakimwona mgeni wanageuza lugha ili asielewe. Mimi nimeona kinyume chake, wanageuza ili aelewe, na hilo ndilo lililonitesa. Watu wanane wanahama kwenye lugha yao kwa ajili ya mwanaume mmoja aliyefuata maziwa.

Na jambo hilo nilikuwa nimeliona kabla. Soni, kule Lushoto, barazani kwa babu yangu, wazee wakipiga Kisambaa, lugha ya kwetu, akitokea mwalimu kutoka Mwanza au bwana shamba kutoka Mbeya, baraza zima linahamia Kiswahili. Tuliita adabu, na kweli ni adabu. Lakini adabu hiyo ikirudiwa kila siku, mtoto anayecheza chini ya benchi anabaki na lugha gani? Mtoto yule alikuwa mimi. Kisambaa nakisikia chote, hata utani. Kujibu, najibu kwa Kiswahili. Bibi yako ananisemesha kwa chake, namjibu kwa changu, na hatujawahi kulizungumza hilo hata siku moja.

Wewe wakati huo ulikuwa umeshaanza kuruka. Wiki ya tatu pale kituoni ulirudi unahesabu sahani kwa Kiwelisi. Mwalimu wako alinivuta pembeni akaniuliza nyumbani tunaongea nini. Nikasema kwa kujigamba, Kiingereza, ili tumsaidie. Akatikisa kichwa. Akasema hiyo haikuwa kazi yangu, Kiingereza kitakuja chenyewe hata mkifunga mlango, mimi niongee nawe lugha ninayoijua vizuri. Ndiyo maana siku ile niligeuka ghafla kwenye gari nikaanza kukuuliza habari za shule kwa Kiswahili, ukadhani nimekasirika.

Mimi mwenyewe nilianza darasa la jioni ili nisiendelee kuwa yule wa maziwa. Sasa hapa nicheke. Somo la pili nikasikia habari ya mtu anayekwenda Fangor. Nikarudi nyumbani nikaitafuta Fangor kwenye ramani, kijiji kwa kijiji, mpaka wewe ukanionea huruma. Ukanieleza kwamba ni Bangor hiyohiyo. Ukienda inakuwa "i Fangor", ukiwa ndani yake inakuwa "ym Mangor". Wanafunzi wenzangu, Waingereza, jambo hilo liliwatoa jasho: neno libadilike kichwani! Mimi nikawaza ulimi na ndimi, ubao na mbao, mzuri, kizuri, vizuri. Tangu lini sisi tukaogopa neno linalobadilika mbele?

Tangu siku hiyo nilipata moyo. Paka wangu ni "fy nghath", na lile neno linaanza na ng' ya ng'ombe yenye pumzi ya h nyuma yake, ambayo darasa zima liliishindwa isipokuwa mimi. Dd yao ni dh ya dhahabu. Ch yao ni kh ya kheri, jinsi watu wa pwani wanavyoitamka. Na mkazo wanauweka mahali tunapouweka sisi, silabi ya pili kutoka mwisho. Ila ile ll imenishinda mpaka leo. Unasema weka ulimi kama wa L halafu upulize pembeni. Napuliza, natema mate. Na Mungu akatuweka jirani na kijiji kinachoitwa Llanllechid.

Mama yako yeye hakuhitaji kushawishiwa. Aliwahi kumhudumia mzee ambaye kumbukumbu zilikuwa zinamtoka, na Kiingereza kilikuwa kimetangulia kutoka. Alikuwa anasukuma kijiko siku nzima, wanaandika kwamba amekataa chakula. Msaidizi mmoja wa jikoni akapita, akamwambia maneno mawili matatu ya Kiwelisi, mzee akafungua mdomo. Mama yako alirudi akalala bila kula. Wiki iliyofuata alivaa beji ya rangi ya chungwa ya wanaojifunza Kiwelisi.

Halafu kuna lile la kibao. Mwaka jana ulirudi na somo la historia, macho yamekutoka. Ukanisimulia kwamba karne ya 19 baadhi ya shule za huku zilikuwa na kipande cha mbao kilichochongwa herufi WN, yaani "Welsh Not", Kiwelisi marufuku. Mtoto akisikika anasema Kiwelisi anavishwa shingoni, anakaa nacho mpaka amnase mwenzake, na anayebaki nacho jioni anachapwa. Ulidhani unanipa jipya. Nikacheka kwanza, kisha nikanyamaza, ukauliza nina nini.

Nilikuvunga. Nilikuwa nimevaa, mama. Kidato cha kwanza, shule siitaji. Chetu kilikuwa na kamba ya katani, tena katani ya Tanga, inawasha shingo. Nilisema "nipe kalamu yangu", basi. Cha kwangu hakikuwa kilugha hata kidogo, kilikuwa Kiswahili, lugha ya taifa, niliyotoka kuimbia wimbo wa taifa asubuhi ileile. Ili kukivua ilibidi nimpate mwingine. Nikamwendea rafiki yangu wa karibu, nikamkanyaga kidole kwa nguvu. Akasema "mama wee!" Nikamvisha.

Nilikusimulia baadaye, wiki mbili zilipopita, tukiwa kwenye basi. Hukunilaumu wala kunihurumia. Uliuliza tu: "Sasa yeye akampa nani?" Sijui. Miaka yote sikuwahi kujiuliza.

Kwa hiyo, kwa nini tuliwaleta huku. Tulikuja kutafuta maisha, na tuliangukia hapa bila kuchagua. Kubaki ndiko tulikochagua. Mwaka jana mama yako alipewa nafasi Manchester, mshahara ukiwa juu kidogo, tukakaa mezani usiku mzima, asubuhi akakataa. Hukuambiwa. Sababu tulizotoa zilikuwa nyingi, kodi ya nyumba, foleni, shule yenu. Yangu ya kweli ilikuwa mdogo wako, aliyekuwa sakafuni anagombana na gari lake kwa Kiwelisi, halafu akanigeukia akaniomba maji kwa Kiswahili bila hata kusita. Nikaona nikimhamisha nitakuwa nimemkanyaga kidole.

Najua si yote matamu. Najua kuna siku uliulizwa unatoka wapi "hasa", ukajibu kwa Kiwelisi safi, na aliyeuliza hakukielewa. Hiyo ulinisimulia ukicheka, ila nilikuona ulivyofunga mlango wa chumba.

Jumapili tutampigia bibi yako. Mara iliyopita ulimuuliza mvua inaitwaje kwa Kisambaa, akakwambia, ukaniomba nikuandikie, nikagundua sijawahi kuliandika neno hata moja la lugha ile. Ukaliandika mwenyewe kwa herufi ulizoona zinafaa, ukapanga pembeni mvua na "glaw" ya Kiwelisi. Amenitumia ujumbe kuuliza kama bado unalo lile daftari, anasema kuna maneno ya shambani amekukumbukia. Liweke karibu na simu. Nami nitaleta kiti changu.

Baba yako